Rangi ya kucha kwenye injini ya mzee

Leo mchana mume wangu kawadanganya wajukuu mbele yangu!

Eti enzi za Ujamaa alibadilisha mwenyewe mkanda wa taimingi wa gari lake kuukuu la michezo, uani kwetu Kariakoo, na likawaka mara moja.

Liliwaka, ndiyo. Sasa sikieni.

Mkanda ule una meno. Ukikosea jino moja, injini inaweza kufa. Naye alitaka kuutoa bila kuweka alama za kuonyesha ulivyokaa! Na enzi zile spea zilikuwa adimu kweli.

Alipoingia ndani kunywa chai, nilichukua rangi yangu ya kucha nikachora alama nyekundu kwenye puli, lile gurudumu linalobeba mkanda, na kwenye injini.

Akarudi, akadhani ni za kiwandani, akazifuata.

Rafiki yake, fundi wa Ilala, akaja kukagua.

"Nani kaweka alama safi hivi?"

"Mimi," mzee akajibu, kifua mbele.

Fundi akanitazama vidole.

"Hongera, shemeji."

Mzee alinuna weee! Jioni ile akanikabidhi funguo.

"Haya, endesha wewe."

Nikaendesha mpaka Mnazi Mmoja na kurudi.

Niwaambie wajukuu, au nimwachie sifa zake?