Nilichomoa Soketi ya Feni, Akaungua Fundi

Mie ndiye niliyechomoa soketi ya feni ya gari la mama. Naliandika hilo mwanzo kabisa kwa sababu najijua. Nikianza na maelezo nitawachekesha, mtanihurumia, na mwisho mtasahau nilichofanya.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Mama alikuwa jikoni anamalizia kupamba keki ya mteja. Nikafungua boneti, nikabonyeza kishikizo, nikavuta, nikafunga boneti taratibu kama mtu anayefunga mlango wa msikiti. Nikaingia ndani kunywa chai.

Sababu? Mama alikuwa ameitwa shuleni saa nne, na mie niende naye. Niko kidato cha tatu, na wiki iliyotangulia nilishika kipaza sauti cha shule, nikaigiza sauti ya mwalimu wa zamu, nikatangaza kwamba kwa sababu ya dharura ya maji wanafunzi wote warudi nyumbani. Madarasa mawili yakaondoka. Wengine walikuwa wamefika stendi ndipo ikajulikana. Mpaka leo kuna watoto wa kidato cha kwanza wananipa heshima ya mkuu wa mkoa.

Sasa, ufundi wa feni niliutoa wapi? Nilifundishwa. Hapo ndipo panaponiuma.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo gari lilikuwa linapandisha joto kila likisimama kwenye foleni, likitembea linapoa. Mama akalipeleka kwa fundi Shomari, gereji ya jirani hapa Tegeta, nami nikafuata kwa umbea wangu. Shomari akawasha AC, akasikiliza. Feni ya rejeta, ile inayopoza maji ya injini, kimya. Akachukua spana, akagonga mota kwa mpini, ko ko ko. Feni ikastuka, ikazunguka.

"Umeona, dogo? Mota haijafa. Kaboni zimekwisha."

Akaifungua, akanionyesha kaboni, vile vipande vya kupitisha umeme ndani ya mota, zilivyolika, zimebaki kama kucha za mtu mwoga. Akaweka mpya, akaiunga mota moja kwa moja kwenye betri kwa nyaya mbili kuijaribu, ikavuma vizuri. Akairudisha mahali pake, akasukuma soketi mpaka ikalia ta.

"Hiki kishikizo usipokibonyeza, hata ng'ombe avute haitoki. Ukikibonyeza, mtoto anatoa."

"Mtoto kama mie?"

"Mtoto kama wewe angefungwa kishikizo mdomoni," akasema, tukacheka wote wawili.

Hakunifukuza, hakuniambia nasumbua. Watu wazima wengi wakiniona wanaficha vitu vyao. Yeye alinionyesha.

Basi siku ile ya Alhamisi tukaingia kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo, mama kwenye usukani, keki kiti cha nyuma, mie mbele. AC ikaanza kutoa joto. Nikatazama mshale wa joto, unapanda. Mama yeye anatazama saa.

Nilijua. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale palepale. Mdomo huu ambao haujawahi kufungwa tangu chekechea ukafungwa siku hiyo. Nilidhani gari litachemsha kidogo, tutasimama, litapoa, tutarudi nyumbani, na kikao kimekwisha. Hesabu za mtoto mjinga.

Moshi ukatoka. Mama akasogea pembeni, akazima, akampigia Shomari. Hakuchukua hata robo saa, kaja na bodaboda, na viatu vya gereji miguuni.

"Pole, dada. Usiguse chochote, tuliache lipoe."

Tukasubiri. Kifuniko cha rejeta hakukigusa kabisa, fundi gani asiyejua hilo? Aliinama tu kutazama feni. Paipu ya juu ya rejeta ikapasuka. Maji yakamrukia mkono wa kulia kuanzia kwenye kiwiko mpaka vidoleni.

Hakupiga kelele. Alisema "ah" moja ndogo, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Ile "ah" ndiyo inayonifuata. Wenye duka la pembeni wakamletea ndoo ya maji, akatumbukiza mkono, na kwa mkono wa kushoto akawa anaonyesha kwenye injini.

"Soketi," anasema. "Itazameni soketi. Imetoka."

Mama akatazama. Akaona inaning'inia.

"Kwa hiyo ulisahau kuichomeka, Shomari?"

"Sikusahau, dada. Ile haitoki yenyewe. Kuna mtu kaichomoa."

"Nani? Gari limelala ndani ya geti langu. Ndani tuko mie na mwanangu. Unamsingizia nani?"

Shomari akanitazama. Mara moja tu. Halafu akatazama pembeni.

Kesho yake habari ilikuwa imezagaa: fundi Shomari kafunga feni nusunusu, kaunguza injini ya mama wa keki. Wenye magari wawili wakaondoa magari yao. Mwenye gereji akamwambia akae kwanza nyumbani mpaka ishu iishe. Mkono umefungwa bandeji, na jina limechafuka.

Siku ya tatu tukaenda kumjulia hali, kwa shingo upande. Maneno yakaanza tena, huyu anavuta, yule anavuta. Mwisho Shomari akasema kwa upole, "Dada, mie si mtu wa kuapa ovyo. Kama huniamini, na kisomwe halbadiri. Aliyefanya imkute."

Mama akajibu, "Kisomwe. Ijumaa, baada ya swala. Na ubani nitaleta mwenyewe."

Kama hukukulia uswahilini nikwambie: halbadiri ni kisomo cha kumshtakia kwa Mungu mtu aliyedhulumu akakana, na wanasema huvimba tumbo au huota upele. Huku kwetu hata mwizi wa kuku akisikia kinasomwa, kuku anarudi na mayai yake.

Nikaanza kuisha. Jumatatu nilikula mihogo, tumbo likajaa gesi, nikajua ndiyo limeanza kuvimba, na kisomo chenyewe bado. Ngozi ikiniwasha natafuta upele. Darasani kuna feni ya darini, inazunguka pole pole na mlio wake, na kila ikipungua kasi nasikia ile "ah". Mwalimu akaniuliza kwa nini siku hizi nimetulia. Rafiki zangu wakasema nimepata mchumba. Nikacheka, lakini cheko lilitoka kavu.

Jumatano nikamfuata bibi Mwanahawa, jirani yetu, nikamuuliza kwa kuzunguka, eti kazi ya shule.

"Shikamoo bibi. Hivi halbadiri ikisomewa mtu asiye na kosa inakuwaje?"

"Marahaba. Kisomo kile hakipendelei, mjukuu wangu. Kikimkosa mwenye kosa, wengine wanasema humrudia aliyekiagiza."

Sijui kama ni kweli. Lakini sikulala na hilo swali peke yake tena. Nililala na sura ya mama, na ubani alioununua, umefungwa kwenye gazeti juu ya kabati.

Ijumaa mkeka ukatandikwa barazani kwa Shomari. Sheikh kakaa, kitabu mapajani. Mama kafika na ubani wake. Shomari kaegemea ukuta, mkono kauinua kwenye mto. Sheikh akauliza kama kuna mwenye neno kabla hajaanza.

"Ni mie," nikasema.

"Wewe una neno?" sheikh akauliza.

"Hapana. Soketi. Niliichomoa mie, ili tusifike shule."

Nilitamani mtu anipige. Shomari ndiye aliyefungua mdomo, akaniuliza swali la fundi:

"Ulikibonyeza kishikizo, au ulivuta tu?"

"Nilikibonyeza. Kama ulivyonionyesha."

Akafumba macho. Sheikh akafunga kitabu, akasema, "Basi hapa hakuna cha kusoma."

We unayesoma hii na unajionaga mchekeshaji kama mie, nisikilize. Utani unaohitaji mtu mwingine anyamaze ili wewe usikamatwe si utani. Na ukishafanya, sema mapema, mtu akiwa bado hajainama kwenye injini. Mie nilichelewa siku nane. Gereji wamemrudisha Shomari, lakini fundi wa mkono mmoja anashika nini? Ananiitikia salamu. Hanionyeshi kitu tena.

Ijumaa ile nilirudi nyumbani na mama. Tulipofika getini akasimama, funguo mkononi, hakufungua. Akasema hivi, naandika kama alivyosema:

"Shomari hawezi kujifunga vifungo vya shati. Kesho alfajiri utakwenda kumfunga, na kesho kutwa, mpaka mkono upone. Na mie nitakuwa nyuma yako, maana wewe ulichomoa soketi, lakini aliyemwita mwongo mbele ya watu ni mie."