Otylia Hachukui Dhahabu

Mke wangu Otylia ni dereva wa tramu hapa Bytom, mji wetu wa makaa, na akiwa kazini hana mpinzani. Anaondoka kwa wakati, anasimama kwa wakati, wazee wanamsifia breki zake. Akishashuka tramuni ndipo anaponitia wazimu. Ukimnunulia koti jipya analifungia kabatini lingoje baridi kali, na baridi kali ikija anasema hii bado, iko nyingine inakuja. Tuna sahani nzuri za harusi ambazo hazijawahi kuona supu. Nampenda, lakini kuna siku natamani nizivunje zile sahani moja baada ya nyingine mbele ya macho yake.

Yeye na mdogo wake Rufin walilelewa na baba yao, mzee Alojz Pytlik, mchimba makaa, maana mama yao alikufa mapema. Mzee alikuwa akirudi kutoka shimoni kachoka na hataki kelele. Siku moja akaleta nyumbani kompyuta kuukuu ambayo ofisi ya mgodi ilikuwa inaitupa, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa falme, ule wa kucheza kwa zamu ambao vijana wote wa rika letu waliucheza mpaka wakauota. Kompyuta moja, kiti kimoja, watoto wawili. Mmoja anakaa, anasogeza majemadari wake, anajenga mji wake. Mwenzake anakwenda jikoni na kuupa mlango mgongo asije akaona. Wakimaliza wanabadilishana. Katika nyumba ile kuchungulia kulikuwa kubaya kuliko kuiba.

Mzee akaona amepata dawa. Tangu hapo kila ugomvi wa watoto wake uliamuliwa kwa mchezo ule, na aliyeshindwa hana rufaa. Nani alale karibu na dirisha, nani apewe baiskeli, nani aende na mjomba ziwani. Mtu wa tatu anakuwa shahidi: anasimama mlangoni, anaona ya pande zote mbili, na anafunga mdomo. Mimi nilipooa katika familia ile, kazi ya ushahidi ikaniangukia. Sikuomba.

Sasa, katika mchezo ule jemadari wako akitembea porini anakuta makasha. Kila kasha lina swali moja tu: utachukua dhahabu, au utaigawa kwa watu wa pale ili jemadari wako apate ujuzi? Rufin alichukua dhahabu. Siku zote. Alinunua askari papo hapo na kuja na fujo zake kabla wewe hujamaliza ukuta. Otylia hakuchukua hata mara moja. Alimfundisha jemadari wake, akajenga shule, akajenga mnara wa wachawi, akajenga soko. Mchezo ukirefuka, hakuna mtu mtaani kwetu aliyeweza kumgusa. Ila haukurefuka, kwa sababu Rufin alikuwa ameshafika mlangoni. Ndiyo maana Otylia alikulia kwenye kitanda cha ukutani na alikuwa akienda shule kwa miguu.

Na bado hakubadilika. Mzee alipoharibika mapafu, Otylia ndiye aliyeichukua bustani yake, kile kipande kilicho nyuma ya reli, kwenye viwanja vya wachimbaji, kila familia na kibanda chake na pipa lake la maji ya mvua. Mtu mwingine angepanda nyanya ale mwaka huo huo. Yeye akapanda mipeasi. Tena si miche ya dukani. Aliotesha mbegu, akangoja, kisha akaiunganisha na vijiti vilivyokatwa kwenye mpeasi wa bibi yao ambao mkoa ulikuwa unaukata kupitisha barabara. Miaka ikapita. Nilibeba maji, nilibeba samadi, nilifukuza sungura, na sikuona peasi. Masika ya mwaka ule aliokufa mzee ndipo ilipotoa maua kwa mara ya kwanza. Otylia alilia kwa furaha, na mimi niliyechoka na ndoo nikajikuta nimefurahi pia.

Mzee akafa kiangazi. Bustani akawaachia wote wawili, na bila sahihi za wote wawili haiendi kwa mtu.

Wiki chache baadaye Rufin akaja kula kwetu Jumapili, kama kawaida yake, akiwa na njaa na mikono mitupu. Alipomaliza rolada ya pili, ile nyama ya kukunja, akafuta mdomo.

"Dada, nina habari njema. Bwana Wieczorek anaitaka bustani. Anatupa gereji zake mbili, zile za nyuma ya jengo langu."

"Anaitaka ya nini?" Otylia akauliza.

"Aweke bwawa la watoto na sehemu ya kuchoma nyama. Hayo ni yake. Sisi tunapangisha gereji, kodi mwezi ujao, nusu kwa nusu, wala hushiki jembe."

"Na mipeasi yangu?"

"Itazaa lini?"

"Imetoa maua."

"Nimeuliza itazaa lini."

"Labda mwakani. Labda baadaye kidogo."

Rufin akanigeukia. "Shemeji, unasikia? Labda baadaye kidogo. Wewe mwanamke huyu unaishi naye vipi?"

Nilikasirika kwa sababu swali lilikuwa zuri. Nikamwambia ale kabichi yake anyamaze.

"Sitaki gereji," akasema Otylia.

"Mimi nataka. Basi tucheze."

Nikadhani anatania. Nikamtazama mke wangu, nikaona anafikiri. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha vyombo, nikakitupa kwenye sinki.

"Otylia, usikubali. Bila sahihi yako huyu hawezi lolote. Unakataa, yanaisha."

"Kwetu ndivyo tunavyoamua."

"Kwenu kulikuwa na baba yenu. Sasa yuko makaburini."

"Ndiyo maana. Mzee hajamaliza hata miezi mitatu, tayari nivunje sheria yake?"

"Sheria gani? Ilikuwa ya kunyamazisha watoto, mzee alale. Nyie watu wazima, mnaweka bustani rehani kwa mchezo?"

"Teofil, usiniingilie mimi na ndugu yangu."

Akatoa neno lake: akishindwa anasaini. Rufin naye akatoa lake: akishindwa hataitaja tena bustani ile. Damu ilikuwa inanichemka, lakini shahidi ndiye mimi, hakuna mwingine. Tukakubaliana Jumapili ifuatayo, baada ya chakula. Mji mkuu ukitekwa, mchezo umekwisha.

Jumapili hiyo ile kompyuta ya mzee ikatolewa chini ya kitanda na kupanguswa vumbi. Rufin akaanza, Otylia akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda na kuutazama ukuta. Nikamnong'oneza.

"Leo tu. Makasha ya leo chukua dhahabu."

"Shahidi hasemi."

"Sisemi kilichomo mle. Nasema nawe kama mume."

"Nikichukua dhahabu nitakuwa nacheza mchezo wa Rufin, na ule anaujua kuliko mimi. Dhahabu unaitumia mara moja. Jemadari ukimfundisha, anakulipa kila siku mpaka mwisho."

"Akifika huo mwisho."

"Atafika."

Wakabadilishana. Rufin alipokuja jikoni hakukaa, alifungua jokofu langu.

"Anajenga shule, sivyo?"

"Shahidi hasemi."

"Hata usiseme. Yule angepewa jangwa angeanza na shule. Kuna soseji?"

Nilimwambia soseji hakuna, nazo zilikuwa mbele ya macho yake.

Mambo yakaenda hivyo mchana kutwa. Rufin akaja mapema, kama nilivyojua, na kundi lake la wapiga mishale. Safari hii hakuingia. Jemadari wa Otylia, aliyelishwa kila kasha la njiani, alisimama ukutani na kulitawanya lile kundi. Nikamwona Rufin akibadilika rangi. Alipokuja jikoni hakugusa jokofu. Mimi mlangoni nilikuwa nataka kuimba. Kumbe huyu mwanamke alikuwa sahihi siku zote, nikawaza. Alikuwa na majeshi, alikuwa na wachawi, alikuwa na majoka mekundu. Njia ya kwenda kwa Rufin ilikuwa nyeupe kabisa. Alitakiwa atoke tu.

Hakutoka.

Alikaa pale na kujenga ghala. Zamu iliyofuata akaongeza mnara. Iliyofuata akawa anangoja wiki igeuke, kwa sababu katika mchezo ule wiki ikianza unapata askari wapya, naye alitaka majoka mengine juu ya yale aliyokuwa nayo. Jemadari wake alimtuma mbali milimani, na jeshi lote nyuma yake, akasome kwenye hekalu. Asome nini zaidi? Alikuwa anajua kila kitu. Nilisimama mlangoni nikikunja ngumi. Nikamwona yule msichana wa kitanda cha ukutani, na koti kabatini, na sahani zisizoona supu, na nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu.

Rufin naye aliona hawezi kukua tena. Akauza alichonacho chote, machimbo, mbao, hata ukuta wake aliacha bila walinzi, akanunua wapanda farasi wachache wenye mbio na kuwapitisha kwenye kinamasi, upande ambao Otylia hakuwa na macho. Mimi niliwaona. Niliona wanakwenda wapi. Otylia alikuja jikoni akakaa kwenye kigoda chake karibu yangu kabisa, akiwa na furaha, akaniambia, "Zamu moja tu zaidi, kisha namfuata." Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Nililimeza, na mpaka leo sijui nilimeza kwa ajili ya nani, maana mzee Alojz sikumwogopa hata alipokuwa hai.

Zamu ya Rufin ilikuwa fupi. "Njooni," akaita.

Wapanda farasi walikuwa ndani ya mji mkuu. Majoka mapya yalikuwa yanapatikana kesho yake. Jemadari msomi na jeshi lake walikuwa hekaluni.

 Rufin akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua mezani kati ya vikombe, akaweka kalamu juu yake. Alikuwa nayo tangu asubuhi, mshenzi yule, imekunjwa vizuri.

"Saini hapa chini, dada. Wieczorek analeta mashine Jumatano."

"Mashine ya nini?"

"Ya kung'oa miti. Saini."

Otylia akashika kalamu. Nilimwona akiishika, nikageuka nisione. Kisha nikasikia kalamu inawekwa chini.

"Sisaini."

Rufin akacheka kidogo. "Umeshindwa."

"Nimeshindwa. Na sisaini."

"Ulitoa neno lako. Baba alisema..."

"Baba hayupo. Maisha yote umechukua ulichokitaka siku uliyokitaka, na mimi nikasema sawa, yangu yatakuja. Leo nimeona hayaji. Nimejenga mpaka nimekutengenezea wewe nafasi ya kuingia. Basi hii miti sikupi, Rufin. Sina haki, najua, na sikupi."

"Shemeji," Rufin akaniita, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Wewe ni shahidi. Sema nani kashinda."

Nilitaka kusema uongo. "Umeshinda wewe," nikasema. "Ulishinda kihalali. Na mimi nafurahi amekataa."

"Usifurahi," Otylia akanikatiza. "Nimevunja neno mbele ya kompyuta ya baba yangu na wewe unafurahi? Nyamaza."

Rufin akaikunja karatasi yake. Aliikunja taratibu, akavaa koti, na mlangoni akasema hajawahi kumwibia dada yake hata zamu moja, kila alichopata alikishinda mbele ya shahidi. Ilikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba mtu yule alikuwa anasema kweli tupu. Hajakanyaga kwetu tangu siku ile.

Mipeasi ilizaa msimu uliofuata, matunda machache, magumu kama mawe. Nilimwambia tule. Otylia alilibonyeza moja kwa kidole akasema yangoje kidogo yalainike. Nikalinyakua mkononi mwake nikaling'ata pale pale, likaniumiza jino, na tukagombana mpaka kwenye geti.

Siku ya Watakatifu Wote Rufin huenda kaburini kwa mzee asubuhi, na sisi tunakwenda mchana, ili tusionane. Mishumaa aliyomwashia mzee tunaikuta. Mwaka huu upepo ulikuwa umeizima yote. Otylia akasimama akaitazama. Nikamwambia aiache, mwenye mishumaa ana kiberiti chake. Akaniambia nifunge mdomo. Akapiga magoti kwenye majani mabichi na kuanza kuiwasha mmoja mmoja, uso umemjaa hasira, njiti zikimvunjikia mkononi.