Pasi ya Mama Mkwe

Mtaani walimwita Dakika, kwa kuwa kinyozi huyo hakuacha kitu bila kukikadiria: mvua itakatika saa ngapi, mgeni atang'oka lini. Tangu anunue betri ya kuendeshea mashine yake ya kunyolea umeme unapokatika, ndio kabisa hakuambilika. Na hesabu yake ilikuwa sahihi: chukua nguvu ya betri, acha nusu bila kuitumia ili betri isife mapema, gawanya kwa mahitaji ya mashine na taa moja. Jibu lilikuwa kutwa nzima, na chenji inabaki.

Siku ya harusi ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, umeme ulikatika bwana harusi akiwa kitini, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa. Dakika alitabasamu, akawasha betri, mashine ikaunguruma. Akamhakikishia shemeji kwamba hata angeoa mara mbili siku hiyo, moto ungetosha.

Ndipo akaingia mama mkwe, mama mzazi wa bwana harusi, gauni begani, pasi mkononi. Kwake umeme umekwenda, alisema, na Mungu amempa mkwe mwenye betri.

Dakika alipoiona ile pasi, hesabu ziliporomoka kichwani kama ukuta mbichi. Pasi moja hula umeme kuliko mashine za vinyozi wote wa mtaani. Lakini mama mkwe haambiwi hapana, ndivyo alivyolelewa. Akazunguka kwa maneno: gauni limenyooka lenyewe, tena siku hizi makunyanzi ndiyo fasheni. Mama akamshukuru kwa sifa, akachomeka pasi.

Betri ikaanza kulia, pii, pii. Mama akauliza kama mkwe amefuga vifaranga. Dakika akajibu ndiyo, wachache tu. Uongo nao haujazi betri: mashine ilinyamaza katikati ya utosi.

Kwenye kioo, kulia alikuwa bwana harusi, kushoto msitu. Gauni nalo lilinyooka mbele, nyuma limejikunja kama kabichi.

"Si ulisema kutwa nzima, shemeji?"

"Bila pasi," Dakika alinong'ona.

Mama mkwe akageuka polepole. "Ulijua, ukanyamaza?"

"Wewe ni mama mkwe wangu, mama."

"Na huyu mwenye nusu kichwa, leo anakuwa mkwe wa nani? Wakwe zake wakiuliza, niwaambie tumemnyoa kwa adabu?"

Adabu isiyosema kweli ni woga uliopigwa pasi.

Dakika akachukua wembe, akaondoa nywele zote, kipara kikang'aa. Mama akajifunga mtandio kuficha nyuma ya gauni. Bibi harusi alipomwona mumewe alicheka hadi akashikwa kwikwi, kisha akasema yeye hana neno: umeme ukikatika nyumbani, watakaa karibu na kichwa hicho.

Wakati wa picha, mama mkwe alimnong'oneza Dakika kwamba kesho ataleta birika la umeme.

Dakika akamgeukia. "Mama," alisema, "hapana."