Rangi za Ndege ya Mzee Awadhi

Watu wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, wanapenda ubishi kuliko kahawa, na ubishi ulionoga kuliko wote pale kwenye baraza la mafundi ulikuwa wa ndege ya Mzee Awadhi. Mzee huyo alisema kwamba zamani za vita vya Hitla, akiwa kijana kwao Tanga, alifanya kazi ya kupaka rangi ndege za wanamaji wa Kiingereza. Ndege zile, alisema, ziliruka kutoka juu ya manowari na kutua juu ya manowari, na zikishatua zilikunja mbawa. Akifika hapo watu walishika mbavu.

"Zinakunja mbawa kama kuku, Mzee?" mmoja angeuliza.

"Kama kuku," angejibu bila kukasirika. "Melini nafasi ndogo."

Anaeli hakucheka, lakini na kuamini hakuamini. Alikuwa Mpare wa Usangi, aliyeshuka Dar es Salaam hana kazi wala ndugu, na Mzee Awadhi ndiye aliyemshika mkono akamfundisha brashi, mpaka akawa anaandika vibao vya maduka Mtaa wa Msimbazi na kulisha watoto kwa kazi hiyo. Kumwona mwalimu wake akifanywa kichekesho kulimuuma. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na la kumtetea nalo.

Kisha macho ya mzee yakaanza kufa. Hospitali walisema ni presha ya macho, mwanga utaendelea kusinyaa mpaka uzime. Mwanawe, Shomari, akatuma salamu kutoka Tanga kwamba atakuja Ijumaa, na baada ya sala atamchukua baba yake wakaishi wote huko. Hapo Anaeli akakata shauri. Kabla mzee hajaondoka, na kabla macho hayajazima, ataiona ndege yake tena, na wale waliomcheka wataiona pia.

Kuchonga ilikuwa kazi ya Filbert, rafiki yake, mtu wa Masasi mwenye mkono usiokosea. Mzee alieleza, Filbert akachonga ndege ya mninga isiyozidi urefu wa mkono mpaka kiwiko, mbawa akazishikiza kwa waya wa mwavuli mbovu, zikawa zinakunjika barabara.

Rangi ndiyo ilikuwa shughuli. Mwaka ule madukani walibaki wauzaji na rafu zao. Rangi ya mafuta haikuonekana hata kwa dawa, na hata ingeonekana, kwa unyevu ule wa masika isingekauka kabla ya Ijumaa. Anaeli alikuwa na mirija michache tu ya rangi iitwayo akriliki, aliyoachiwa na Mzungu mmoja mwalimu wa kuchora siku aliporudi kwao. Ni rangi yenye tabia zake. Unaizimua kwa maji, inakauka upesi, na ikishakauka maji hayaiwezi tena.

"Juu ni rangi mbili," mzee alimwambia. "Kijivu cha bahari ya Tanga, asubuhi ya wingu. Na kijivu kingine chenye ukijani, kama ubao wa shule uliofutwa vibaya. Chini ni yai la bata, ile nyeupe yenye ukijani. Adui akiwa juu aone bahari tu, akiwa chini aone mbingu."

Anaeli alichanganya, akapaka kwenye vipande vya mbao, akampelekea. Mzee alikishika kila kipande karibu na uso, akakigeuzageuza.

"Umetia nini hapa?"

"Nyeusi, buluu na nyeupe, mwalimu."

"Nyeupe imezidi. Na njano?"

"Sijatia."

"Tia. Ncha ya brashi tu."

Walikwenda hivyo kipande baada ya kipande, mpaka mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Hiyo hiyo," alisema, na Anaeli akarudi nyumbani moyo mweupe.

Alhamisi asubuhi alianza na tumbo la ndege. Nyeupe ilikuwa imebaki kidogo sana kwenye mrija, na yai la bata halifanyiki bila nyeupe. Akachovya brashi, akapitisha. Rangi ikajikusanya vitonevitone na kuteleza, kama maji juu ya jani la gimbi. Akapitisha tena, ikateleza tena. Akaileta ndege puani. Ilinuka viatu.

Alimkuta Filbert amekaa kwenye kigoda chake, anachonga.

"Filbert, ndege umeipaka nini?"

"Dawa ya viatu. Kuna nini?"

"Nani alikwambia uipake?"

"Nani aniambie? Tangu lini kinyago kikatoka mkononi mwangu hakijang'aa? Baba angefufuka anichape."

Anaeli alitaka kumrukia. Alikuwa na hasira ya kutosha watu wawili, na hakuwa na pa kuipeleka, kwa sababu Filbert hakufanya ubaya. Kwao kazi isiyosuguliwa ikang'aa haijaisha, na ndege kwake ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Filbert alipoelewa alichoharibu, alitupa patasi chini akasimama.

Waliifuta kwa mafuta ya taa mpaka dawa ya viatu ikatoka. Sasa mafuta ya taa nayo yalipaswa yatoke, na hayo hayatoki ila kwa sabuni. Sabuni nyumbani kwa Anaeli ilikuwa kipande kimoja, mali ya mkewe, Winifrida.

"Nimepanga foleni tangu alfajiri," Winifrida alisema, "nyinyi mnataka kuogeshea ndege?"

"Ni ya Mzee Awadhi."

Aliwatazama wote wawili. Kisha akachukua kisu, akakata kipande katikati, akawapa nusu iliyokuwa kubwa.

Waliosha, wakapiga msasa, wakaianika. Wingu lilikuwa limetanda upande wa Msimbazi, na Anaeli alishinda akilitazama kama mtu anayetazama mlango wa wodi. Mti ukilowa tena, basi. Mvua ilizunguka ikanyesha kwingine. Jioni alipaka koti la kwanza la rangi, jembamba hata mti ulionekana chini yake. Mkono ulimsihi aongeze, amalize haraka. Akakumbuka mzee alivyokuwa akimgonga vidole kwa brashi: mawili membamba, siyo moja nene. Akaacha likauke.

Ijumaa adhana ilimkuta kwenye bawa la mwisho. Nyeupe ya ile miduara ya alama ya Waingereza kwenye mbawa aliipata kwa kuupasua mrija na kukwangua ndani. Watu walipotoka msikitini, naye alikuwa anakata mitaa ya Gerezani, ndege juu ya kibao, akiwapisha watu wa mikokoteni kama amebeba mtoto mchanga.

Barazani walikuwapo wote. Shomari alisimama na begi la baba yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Anaeli. Umekuja nayo?"

Alimwekea mikononi. Vidole gumba vya mzee vilitambaa, vikakuta waya, vikasukuma. Mbawa zikakunjika. Watu wa baraza wakasogea, na yule wa kuku akasema taratibu, "Kumbe kweli."

Mzee alizikunjua tena, akaiinua ndege karibu na uso, akaitazama kwa muda mrefu.

"Yai la bata," alisema. "Umelipata sawasawa."

Anaeli alitazama. Upande uliokuwa mbele ya macho ya mzee ulikuwa wa juu, ule wa kijivu cha bahari. Alimgeukia Shomari, na Shomari akainamisha kichwa. Ndipo Anaeli alipoelewa ni kwa nini mzee alikuwa akiuliza kila mara ametia nini. Vile vipande vya mbao hakupata kuviona hata kimoja. Alikuwa akizitambua rangi kwa kutajiwa tu.

Mzee aliusikia ule ukimya.

"Nimeigeuza, siyo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi niambie wewe. Iko vipi?"

Anaeli alichutama mbele yake.

"Juu ni bahari ya Tanga, asubuhi, wingu limekaa na jua limekosa pa kutokea. Hapa begani inaingia ile ya ubao wa shule, zimekutana taratibu, sikupiga rula. Chini ni yai la bata, bichi, halijaguswa. Ikiruka juu ya maji, mwalimu, aliye juu haioni."

Hakuna aliyecheka. Mzee Awadhi alifumba macho.

"Basi na wewe ulikuwapo," alisema.

Akazikunja mbawa, akampa Shomari mkono amwongoze, na ndege akaibeba mwenyewe.