Neno la Siri la Mama Divine

Kibondo mjini, ukiuliza kwa Niyubahwe utaonyeshwa nyumba tatu na zote si zake. Mwite Mama Divine wa video, hata muuza mkaa atakufikisha mlangoni. Ndiye anayerekodi harusi, vipaimara na misiba ya watu wa huku, kuanzia Mabamba mpakani hadi njia ya Kasulu. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Leo ni Mtanzania mwenye kitambulisho, na ana kibanda chenye bango alilolichora mwenyewe, vibaya. Ni mwanamke mwenye mdomo. Lakini Ijumaa moja alasiri mdomo huo ulikauka kabisa.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuganduka kwa marehemu mzee Felisiani wa Mabamba, siku ambayo ndugu hukusanyika kuondoa matanga na kutamka mali ya marehemu inakwenda kwa nani. Mzee aliwajua ndugu zake. Miezi miwili kabla ya kufa alimwita Mama Divine, akaketi mbele ya kamera huku kifua kikimbana, akasema nyumba na shamba la kahawa ni vya mke wake, Apoline. Kisha akamwapisha: asimpe mtu, asimwonyeshe mtu, mpaka siku ya kuganduka.

Mama Divine alilishika agizo hilo kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Hakutoa nakala, hakuweka hata kwenye flashi, na kadi ya kamera alikuwa amesharekodia harusi nne juu yake. Maneno ya mzee yalikuwa ndani ya laptop yake tu, basi. Na Pacifique, mdogo wa marehemu, alikuwa ameshalipima shamba lile kwa hatua zake, akisema mwanamke hana ukoo wa kurithi.

Laptop yenyewe ilitoka Bujumbura, ikiwa na kibodi ya Kifaransa ambayo vidole vyake vilishaizoea hata gizani. Ndani ilikuwa na mfumo wa Linux, aliowekewa na Trésor, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu aliyewahi kumfundisha kompyuta, baada ya virusi vya flashi za wateja kumtoa machozi. Ilimtii kwa kila kitu, isipokuwa siku hiyo alipoijaribu na projekta ya parokia, aliyoiazima ili kesho mzee aonekane ukutani. Ukuta ulibaki mweupe. Akasoma mtandaoni, akaelewa kwamba tundu la waya wa projekta linaendeshwa na kadi ya grafiksi, na kadi hiyo inataka draiva zake, programu za kuiamsha.

Akazipakua kwa bando la simu. Katikati ya kuziweka, kompyuta ikamwambia atunge neno la siri, ataulizwa tena ikiwaka upya. Akaandika mamadivine. Akaiwasha upya huku akijisifu kimoyomoyo.

Kioo kikaja cha buluu, buluu tupu, na maandishi ya Kiingereza meupe ambayo hajawahi kuyaona tangu azaliwe. Akachagua mstari wa kukubali funguo mpya za draiva zile. Ikauliza neno la siri. Akaandika, herufi hazionekani. Ikamjibu kwamba halilingani. Akaandika tena polepole, herufi moja moja, akizitaja kwa sauti. Halilingani. Aliwahi kusoma mahali kwamba nafasi ni tatu tu, na hakujua baada ya tatu kinafuata nini. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, na aliyekuwa akimwogopa si Pacifique, ni marehemu.

Hapo hapo umeme ukakatika. Betri ya laptop ile ilikuwa na uhai wa dakika ishirini, ikiamka vizuri.

Badru, fundi wa kibanda cha pili, alimsikia akiguna akaingia. Badru si mtu mbaya. Ila ana dawa moja kwa magonjwa yote.

"Dada, huo mfumo umekufa," alisema, akiwa ameshachomeka flashi yake. "Nazima, nakupigia Windows mpya, umeme ukirudi nusu saa tu unapiga kazi."

"Na vilivyomo?"

"Vinafutika. Si una kopi?"

Mama Divine aliichomoa flashi ile kwa nguvu mpaka meza ikasogea. Laiti angekuwa chooni dakika ile, Badru angemaliza kazi kwa moyo mweupe kabisa na kumdai soda.

"Usiiguse, kaka yangu. Nakuomba. Usiiguse."

Wakati anasema hivyo Apoline alikuwa mlangoni, ametoka Mabamba kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuja kuhakikisha kila kitu kiko tayari. Akatazama kioo cha buluu, akamtazama Mama Divine, akakaa kwenye benchi bila kuambiwa.

"Mwana wanje, mwanangu," aliuliza, "mzee amepotea?"

"Hapana, mama. Yumo." Hakuwa na hakika hata kidogo. Alijisikia kama mwongo mbele ya kaburi.

Akampigia Trésor. Simu haipatikani. Akapiga tena. Betri ya laptop ilianza kuwasha taa nyekundu. Mara ya tano Trésor akapokea, nyuma yake makelele ya soko la kambi. Akamweleza yote, hadi neno lenyewe.

"Yaya Niyu, dada yangu, tulia kwanza. Ile ordinateur haikufa. Clavier yako iko ya français, njo unajua?"

"Najua! Kwani leo?"

"Ile écran ya bleu inakuja mbele ya Linux kuamka. Haijue français, inajua tu kibodi ya Wangereza. Ukifinya A, yeye anasoma Q. Basi kwa A finya Q. Kwa M, finya virgule, ule mkato pale kando ya N. Zingine acha vile ziko."

Miaka sita vidole vyake vilikuwa vikiifuata kibodi hiyo bila kuuliza, na sasa vilitakiwa kusahau. Akafuta jasho kwenye kitenge. Mkato, Q, mkato, Q. Akasimama, akavuta pumzi. Apoline alikuwa anasali chini chini kwa Kirundi. D, i, v, i, n, e. Akabonyeza.

Kioo kikazima. Kikawa cheusi, kikabaki cheusi, muda ambao Mama Divine hataki hata leo kuupima. Aliwaza namna ya kumwambia mjane. Alishafungua mdomo.

Kisha mwanga ukarudi kwenye laptop, na picha ya Divine akiwa na sare za shule ikajaa kioo kizima. Mama Divine akalia waziwazi, bila haya. Waya wa projekta ungesubiri umeme. Yeye alifungua kwanza faili la mzee, akachomeka flashi mbili za kwake na kuanza kunakili. Kiapo au si kiapo, marehemu angemwelewa.

Felisiani akatokea, amekonda, shati limefungwa hadi kooni. Akakohoa. Akasema nyumba na kahawa ni vya Apoline, mtu asimsumbue. Akakohoa tena, kwa muda mrefu, akitafuta pumzi ya kuendelea.

Kunakili kukaisha. Mama Divine akampa Apoline flashi moja, naye akaifunga kwenye pindo la kitenge, mafundo mawili. Macho yake hayakutoka kwenye kioo, ambako mzee alikuwa bado anahangaika na kifua.

"Zima sasa, mwana wanje," alisema. "Amesema vya kutosha. Kesho watamsumbua tena, mwache apumzike."