Honi ya Kubandika Maji ya Ugali

Kiwanda ninachofanyia kazi hapa Toronto kinatengeneza honi za treni, na bosi wangu hachoki kusimulia historia ya kiwanda. Mwanzilishi alianza na filimbi za treni za mvuke. Zilipoingia treni za dizeli, honi zao zililia kama za malori, watu wakawa wanavuka reli bila wasiwasi, ndipo akaunganisha tarumbeta tano zilie kwa pamoja. Jamani, hadithi hiyo nimeisikia mpaka naiota.

Kila mwaka tuna siku ya familia, na mgeni anayetaka huvuta kamba ya honi ya kwanza kabisa. Mwaka huu nilimpeleka mama, aliyekuja kwangu kutoka Tabora baada ya baba kufariki. Tangu msiba alikuwa hajashika mwiko. "Nimpikie nani?" ndilo jibu lake. Alishindia chai na mkate kama mgonjwa wa wodini, magauni yanampwaya, na mimi naogopa kweli kweli.

Baba alikuwa dereva wa treni. Akikaribia stesheni alipiga mlio mrefu mmoja na mifupi miwili, yaani mke wangu, bandika maji ya ugali. Mtaa mzima ulijua. Majirani walimtania mama kwamba ameolewa na honi.

Basi, kiwandani tukagawiwa vya kuziba masikio. Mama akavikataa, eti vitamharibia kilemba. Bosi akaanza hotuba, na alipofika kwenye tarumbeta ya tatu, mimi nikanyata hadi kwenye kamba. Mrefu mmoja. Mifupi miwili. Loo! Kahawa ya bosi ikamwagikia tai, mhasibu akazama chini ya meza. Mama peke yake hakushtuka.

"Sasa unapigaje hivyo?" akanifokea. "Ule mlio wa mwisho baba yako hakuukata ghafla. Hebu toka hapo!"

Akavuta mwenyewe. Wa mwisho akauachia taratibu mpaka ukafifia, machozi yanamtoka huku anacheka. Bosi hakuthubutu kumkatiza.

Kwenye basi la kurudi mtaani kwangu, Mount Dennis, aliniuliza unga wa sembe unauzwa wapi. Tukashuka, tukanunua. Nyumbani akasonga ugali wa watu watatu, kama zamani, na sisi tulikuwa wawili. Sikumsahihisha. Sehemu ya baba niliila mimi, na ukoko juu.