Mzee Aliyeshinda Kesi ya Mikaratusi

Habari ya kifo chake niliipata Mulot, siku ya soko la mifugo, kwa mwuza kamba. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mimi sikai mahali pamoja, na siku hiyo nilikuwa nachagua kamba ya kufungia mizigo yangu. Yule mwuzaji aliponisikia nikitaja Kapsoit, akaniuliza kama nimesikia kwamba mzee aliyeshinda kesi amezikwa juma lililopita. Hakumtaja jina, wala sikuuliza. Walioshinda kesi ni wengi, lakini kutoka Kericho hadi huku kwenye mashamba ya ngano, ukisema "mzee aliyeshinda kesi" watu wanajua ni nani. Nililipia kamba, nikaahirisha safari niliyokuwa nayo, nikapanda gari la kurudi juu kwenye chai.

Nilimfahamu mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, nilipopanga chumba katika boma lake pale Kapsoit wakati nikinunua ngozi. Alikuwa na shamba dogo la chai, ng'ombe wawili wa maziwa, na msitu mdogo wa mikaratusi aliyoipanda mwenyewe kando ya kijito. Binti yake wa kwanza alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu, na karo ilitakiwa kabla chuo hakijafunguliwa. Mzee akauza miti yote kwa mfanyabiashara mmoja wa upande wa Mulot, aliyekuwa akipeleka kuni kwenye viwanda vya chai. Walikubaliana kwa mdomo mbele ya mashahidi kwamba pesa italipwa kuni zikishapimwa kiwandani. Nilimwuliza kwa nini hakudai hata kidogo kwanza. Akanijibu kwamba baba zao walifahamiana. Walifahamiana vipi, hakujua. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na alichokumbuka ni kwamba boma la yule mfanyabiashara likitajwa nyumbani lilitajwa kwa heshima.

Miti ikakatwa, kuni zikaungua, majani ya chai yakakaushwa, na pesa haikuja. Chuo kikafunguliwa, binti akabaki nyumbani akichuma chai na mama yake. Mzee akaenda kortini bila wakili. Mashahidi wake walikuwa wazuri, akashinda. Siku hiyo alichinja mbuzi, akaita majirani na watu wa kanisa, tukaomba na kuimba mpaka jua likazama. Kesho yake akavaa koti lake la Jumapili, akachukua mkoba wenye zipu, akaenda Kericho kuchukua pesa yake dirishani. Aliamini kwamba korti humnyang'anya aliyeshindwa na kumkabidhi aliyeshinda, kama mwalimu anavyomrudishia mtoto kalamu iliyochukuliwa na mwenzake. Karani, kwa upole, alimwambia, "Mzee, korti imesema unadai. Sasa kudai kwenyewe ndiko kunaanza."

Akaelezwa njia zilizokuwepo. Angeweza kuomba waranti na kumtuma dalali wa korti akakamate mali. Au angeweza kuomba mdaiwa afungwe, lakini mwenye kudai ndiye hulipia chakula cha mfungwa huyo. Jioni alitusimulia hayo jikoni, na binti yake akauliza, "Baba, ameshakula miti, sasa ale na ugali wetu?" Tulicheka, na mzee pia akacheka. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, ila hawakusema nani atamshika mgonjwa anywe.

Akachagua dalali. Dalali alitaka pesa ya lori mbele, kwa hiyo mmoja wa wale ng'ombe wawili wa maziwa akauzwa. Niliandamana nao hadi upande wa Mulot kwa kuwa nilikuwa na ngozi za kuchukua huko. Mdaiwa hatukumkuta. Tulimkuta mama yake, mwanamke mzee sana, akipukuchua mahindi, na zizi likiwa limejaa. Vijana wa dalali walipoanza kupandisha ng'ombe, majirani wakatokea. Mmoja akasema yule mweusi ni wake. Mwingine akasema wale wawili wenye pembe ndefu ni wa kaka yake. Anayewafahamu Wakipsigis hawezi kushangaa. Desturi yao, wanayoiita kimanagan, ni kwamba mtu haweki ng'ombe wake wote katika zizi lake. Huwapa rafiki wa mbali baadhi yao, rafiki akawatunza na kunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wake hubaki mali ya mwenyewe. Ugonjwa au ukame ukija, haummalizi mtu kwa siku moja.

Dalali alikuwa amezisikia hadithi hizo katika kila boma. "Kila ng'ombe nikimshika ana mwenyewe," alisema. "Mwenye deni peke yake ndiye hana." Waliokuwa na malalamiko aliwaambia waende kortini, kwa maana sheria inawaruhusu. Kisha akamgeukia mzee, kwani waranti ilikuwa yake. Mzee alikuwa ameuza ng'ombe ili afike pale, na nyumbani kulikuwa na binti aliyekuwa akingoja. Akasema wapandishwe.

Hapo yule mama akaweka mahindi chini, akaja taratibu hadi kwenye lori, akaweka mkono juu ya ng'ombe mmoja wa kahawia mwenye paji jeupe, aliyekuwa amekwisha kanyaga ubao wa kupandia. Akamwuliza mzee yeye ni mtoto wa nani. Mzee akajitambulisha.

"Basi huyu ni wa baba yako," akasema yule mama. "Nyanya wa nyanya yake aliletwa hapa na baba yako, akimswaga mwenyewe. Tumekuwa tukingoja mtu wa kwenu aje amwulizie. Hatukujua atakuja na lori."

Dalali akajikuna shingo. "Sasa mzee, nimwuze ng'ombe wako nikulipe deni lako?" Watu wakaangua kicheko, hata dereva. Mzee hakucheka. Aliketi juu ya jiwe, akamtazama yule ng'ombe kama mtu anayetafuta sura ya ndugu. Kisha akasema, "Shusha wote." Dalali akamkumbusha kwamba pesa ya lori hairudi. Akajibu kwamba anajua.

Yule mama alisema mwanawe ana ng'ombe wake, lakini hawako pale. Naye amewaweka kwa watu. Hakusema kwa nani. Alisema tu, "Nenda nyumbani, mwanangu. Na ukija tena, njoo kwa miguu."

Mwezi ule haukuisha kabla mitamba wawili hawajafika Kapsoit, wakiswagwa na mdaiwa mwenyewe, macho yake yakiwa chini. Deni halikuisha, lakini binti alienda chuo mwaka uliofuata. Yule ng'ombe wa kahawia, mzee hakumchukua. Nilipomwuliza sababu, alisema kule nyasi ni nzuri.

Siku hizi Bomet ni wilaya, ina ofisi zake, na watu wanatembea na makaratasi kwapani. Chai imepandwa mpaka mlangoni, kila shamba lina ua, na hakuna mwenye nafasi ya kumwekea mwenzake hata ndama. Siidharau korti. Bila hukumu ile, mdaiwa angeendelea kusema kwamba hakununua kuni kwa mtu. Korti ilisema kweli ni ipi. Lakini kilichowatoa wale mitamba walikofichwa ni aibu ya mama aliyetunza mali ya baba wa mzee miaka yote hiyo, akaona mwanawe anashindwa kulipa miti.

Nilifika Kapsoit mvua ikinyesha. Binti, ambaye sasa ni mwalimu, alinipa chai na kunisimulia mazishi. Kama ilivyo kawaida huku, jamaa waliuliza pale kaburini kama kuna anayemdai marehemu au anayedaiwa naye. Mtu mmoja mwenye mvi akasimama nyuma kabisa. Akasema anadaiwa salio la kuni, naye atalimaliza. Akaongeza kwamba zizini kwake kuna ng'ombe wa kahawia wenye paji jeupe, na sasa ni wengi kuliko mwanzo. Je, awalete?

"Nikamwambia deni alete," binti akasema. "Ng'ombe wakae."

Nimekaa katika nyumba nyingi, na sikumbuki hata moja niliyoacha kitu chochote ndani yake cha kunifanya nirudi. Kudai ni haki ya mtu. Ila asidai mpaka abaki hana mahali pa kuweka ng'ombe wake.